Hodi ya Tatu

Vijana wa idhaa walipokuja kuniaga walileta keki, kadi yenye sahihi zao zote, na ombi. Keki tuliimaliza siku ile ile. Ombi lilikuwa niandike niliyoyaona kazini tangu siku ya kwanza, ili wao wanaokata sauti kwa kubonyeza vitufe wajue sisi tulikatia nini. Nimekaa nalo miezi minne hapa Thamesmead, leo nikisingizia magoti, kesho nikisingizia foleni za Woolwich, mpaka mjukuu wangu akaniuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kama ni kweli bibi hana la kusema. La kusema ninalo. Nilichokosa ni uso wa kulisemea.

Vyeo na mishahara sitagusa. Cheo changu cha mwisho mlikisoma mlangoni kila mlipokuja kuomba ruhusa, na mshahara ni siri ya mtu na Mungu wake. Nitaanza na wembe.

Nilitoka Tanga miaka michache baada ya mapinduzi ya Unguja, nikaja Landani kusomea ukatibu. Kupiga taipu kulinishinda kwa uvivu, nikasikia idhaa ya Kiswahili inatafuta sauti. Nikaenda kufanyiwa majaribio. Nilisoma habari ya hali ya hewa kwa makini yangu yote, na walionisikiliza wakaniambia kwa upole kwamba sauti yangu ni kama ya mama mwenye nyumba aliyekuta vyombo havijaoshwa. Hawakusema uongo. Wakaniweka upande wa pili wa kioo cha studio, kwa mafundi.

Siku ya kwanza Bwana Harold hakunipa hata kiti. Huyu ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa studio zetu, Mwingereza mrefu wa makamo, koti la kahawia kama la muuza misumari, na Kiswahili hajui neno. Alinipa wembe, kalamu ya nta ya manjano, na kipande kizito cha bati chenye mfereji katikati, kisha akaniwekea kanda ya mtu anayesoma habari za mahindi. "Huyu amekohoa mara tatu," akasema. "Mtoe kikohozi."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Utepe ulipita kwenye mashine kwa mwendo wa inchi kumi na tano kila sekunde. Ukitaka kukipata kikohozi unashika magurudumu mawili kwa mikono, unayazungusha taratibu mbele na nyuma, na sauti ya mtu inanguruma kama ng'ombe mgonjwa, mpaka usikie pale kikohozi kinapoanzia. Unatia alama ya manjano. Unatafuta kinapoishia, unatia nyingine. Unalaza utepe kwenye mfereji, unakata kwa mshazari, unaunga ncha mbili kwa gundi. Ukisikiliza tena, mtu yule hajapata kukohoa tangu azaliwe. Na wembe ukishika sumaku unaacha mlio mdogo kila ulipokata, kwa hiyo kila asubuhi tulitupa wa jana tukafungua mpya.

Mimi nilikata kikohozi pamoja na nusu ya mahindi. Harold akasikiliza, akavua miwani. "Umemkata mtu kabla hajapumua," akasema. "Usiguse neno. Kata kwenye pumzi, na pumzi yenyewe uiache." Nilikasirika, maana hasira zangu ziko karibu, lakini nilirudia. Nilirudia mpaka wiki ikaisha. Alikuwa hanisifu, ila siku nikipatia alikuwa anaondoka bila kusema kitu, na kwake hiyo ilikuwa sifa.

Baada ya mwaka watu walikuwa wananifuata wenyewe. "Rehema, nitoe pale nilipojikwaa." Nami nawatoa. Wengine hata hawakuniomba. Nilisikia kosa, nikaliondoa, nikanyamaza. Niliona hiyo ni kazi ya stara. Kwetu mtu akiteleza njiani humkodolei macho, unakwenda zako kama hukuona, ili akiinuka ainuke na heshima yake. Nilijiona bingwa wa jambo hilo. Nawaambia haya ili mjue kosa langu halikutoka kwenye uzembe. Lilitoka pale pale nilipojiona hodari.

Katika chumba cha wafasiri alikuwapo Bwana Khamis. Mtu wa Unguja, mwembamba, mpole wa maneno, umri wa miaka thelathini na kitu. Aliondoka kwao baada ya mapinduzi, bila ruhusa na bila kuaga, akamwacha mama yake na mdogo wake Salum, mwalimu wa skuli. Alifasiri habari kuliko wenzake wote, lakini kusoma mbele ya maikrofoni alikataa kabisa. "Mkono wangu mnao," alikuwa akisema. "Sauti yangu niachieni."

Sababu tuliijua, na hakuna aliyemuuliza. Siku zile ilisemekana barua zinazotoka Ulaya hufunguliwa kabla hazijafika, na mwenye ndugu nje huitwa akaulizwa habari zake. Yote yalikuwa kweli? Sijui. Hofu ilikuwa kweli. Kwa miaka minne Khamis hakumwandikia mama yake hata mstari mmoja, asije akampelekea watu mlangoni. Wala mama yake hakujua mwanawe alifika wapi, au kama alifika.

Ndipo ukaja ule mchezo. Mkuu wa idhaa, Mwingereza aliyewahi kuwa mtawala huko bara na ambaye Kiswahili chake kilikuwa chote cha amri, lete, weka, ngoja, aliamua kwamba wasikilizaji wetu wanahitaji kucheka. Robo saa kila Jumamosi, kwa wiki kumi na tatu. Uliitwa "Kwa Bi Tangawizi". Nyumba moja ya Landani, mwenye nyumba mkali anakaa chini, wapangaji wa Afrika Mashariki wamejazana juu, na chumba cha juu kabisa anakaa Mzee Baridi, ambaye kila wiki anashuka ngazi kuazima kitu. Leo kijiko, kesho mwavuli. Wiki moja aliazima soksi, moja tu, kwa sababu mguu mmoja ndio uliokuwa na baridi.

Bi Tangawizi aliigizwa na Kusum, Mhindu mzaliwa wa Unguja, mke wa mfamasia. Maneno aliyopewa mwanzoni yalimtaka avunje Kiswahili ili watu wacheke. Aliyasoma ukurasa mmoja, akayaweka chini. "Mimi lugha hii nimeinyonya," akasema. "Mkitaka ya kuvunjavunja, mtafuteni aliyeivunja." Yakabadilishwa siku ile ile, na Bi Tangawizi akawa ndiye msemaji bora katika nyumba nzima.

Kwa Mzee Baridi tulikosa mtu, na Khamis akajitokeza mwenyewe. Tulishangaa. Alitoa masharti mawili: jina lake lisitajwe, na sauti iwe ya kizee, ya kukwaruza, ya kutokea puani. Aliijaribu, tukashika mbavu. Nakumbuka mimi ndiye niliyesema hata mama yake mzazi hawezi kuijua sauti ile. Alicheka pamoja nasi.

Kila mchezo ulianza namna moja. Mimi nilipiga nyayo za ngazi kwenye kasha la mbao, kisha nikabisha mlango wetu mdogo, uliokuwa umesimamishwa kwenye fremu yake katikati ya studio, wenye vitasa vya kila aina na hauendi popote. Mzee Baridi anapiga hodi. Bi Tangawizi kimya. Anapiga ya pili. Kimya. Anapiga ya tatu, ndipo mwenye nyumba anajibu: "Karibu, na ufunge mlango, joto langu linatoka." Khamis ndiye aliyeomba hodi ziwe tatu. Tuliona ni adabu ya kwao, mtu anabisha mara tatu asipojibiwa akaenda zake, hatukuwaza zaidi.

Tulirekodi Alhamisi asubuhi, na ukatangazwa Jumamosi saa kumi alasiri za huku, ambayo Unguja ni baada ya magharibi. Mawimbi yale yalielekezwa Afrika. Sisi wenyewe hapa Landani tulikuwa hatuisikii kazi yetu. Ikishatoka mikononi mwetu imekwenda.

Kanda nne za mwanzo alizikata Harold, kwa kuwa mchezo ulikuwa mpya. Ya tano akanipa mimi. "Lugha ni yako," akasema. "Utajua palipokosewa."

Nikakaa nayo mezani. Nyayo, mlango. Hodi ya kwanza, ya kizee. Hodi ya pili, ya kizee. Hodi ya tatu ikatoka safi, ya kijana, ya chini chini, karibu kabisa na maikrofoni, hata mimi niliyekuwa mlangoni siku ya kurekodi sikuisikia. Khamis mtupu. Nikairudia mara mbili. Nikasema maskini, sauti imemponyoka, na jina lake hataki lijulikane. Ningeweza kumuuliza, alikuwa hatua ishirini tu, chumba cha pili. Lakini unamwendeaje mtu mzima aliyekuzidi umri ukamwambia umeshindwa kuigiza? Nikatia alama mbili za manjano, nikakata. Shubiri moja ya utepe, haizidi. Nikaacha pumzi, kama nilivyofundishwa. Bi Tangawizi akawa anajibu baada ya hodi ya pili, na mtu asingejua kwamba pale palikuwa na neno.

Wiki ya sita ikamponyoka tena. Nikamsitiri tena. Ya saba, ya nane. Vipande nilivitupa kwenye pipa chini ya meza.

Alhamisi ya wiki ya tisa tulikuwa studio tunakunywa chai kabla ya kurekodi: Kusum, Khamis na mimi, na Harold akipangusa mashine. Kusum alikuwa amepata barua kutoka kwa wifi yake aliyebaki Unguja na duka la vitambaa. Waliandikiana kwa Kigujarati, na barua za Kigujarati, sijui kwa uvivu wa nani, zilifika zimefungwa vizuri. Kusum alikuwa na mazoea ya kutusomea, akifasiri papo kwa papo.

"Sikilizeni, mchezo wetu una wapenzi," akasema. "Wifi anasema Jumamosi anatoa redio barazani, majirani wanakuja. Yupo bibi mmoja amehamia kwa dada yake, chumba cha nyuma ya duka, macho yake yamekwisha. Bi Mwanakheri. Siku ya kwanza alisikiliza mwanzo tu, akajifunika uso kwa kanga, akawa analia na kucheka. Tangu hapo hakosi." Akachovya biskuti. "Wiki ya tano akasikiliza mpaka mwisho, akasema huyu si yeye. Ya sita hakungoja hata mchezo uishe, akainuka. Ijumaa yake akasomesha khitma. Wifi anasema watu walikuja, wakasoma, wali ukaliwa, na walipomuuliza ni ya nani akasema ya mwanangu. Kafia Ulaya, na sasa wameweka mtu anamuigiza." Akakunja ukurasa. "Uzee nao, maskini."

Khamis alikiweka kikombe chini, sakafuni. "Huyo bibi," akauliza, "barua imesema ana alama yoyote?"

Kusum akarudi nyuma kwenye barua. "Hapa wifi anasema bibi aliposhika bakuli la wali, yeye aliona mkono wa bibi wa kushoto una kovu la moto. Kwa nini?"

"Ni mama yangu," Khamis akasema.

Alitueleza huku akitazama ule mlango wetu wa kuigizia. Mama yake, alisema, tangu yeye yuko mdogo hafungui kwa hodi moja wala mbili. Hizo ni za wageni. Ya tatu ni ya mtoto wa nyumba, na aiseme kwa sauti yake mwenyewe, polepole, mdomo karibu na mbao. "Nikaona mbili nizipige kwa sauti ya mzee, watu wacheke. Ya tatu niipige kwa yangu. Neno moja tu, nani mwingine angelijua? Sikujua anakaa wapi siku hizi. Nilijua popote alipo, redio ya jirani haitamkosa." Akamgeukia Kusum. "Lakini sikuelewi, Kusum. Mbona aseme si mimi? Sikuacha hata wiki moja."

Harold, ambaye hakuelewa neno, aliniona uso akauliza kuna nini.

"Ni mimi," nikasema. "Nimeikata."

"Umekata nini, Bi Rehema?"

"Hodi ya tatu. Tangu wiki ya tano. Nilidhani sauti imekuponyoka. Nikaona nikikuuliza nitakuaibisha, bora nikusitiri."

Nilitaka anitukane. Ningekuwa mimi ningetukana. Yeye akasema tu, "Ulikuwa unafanya kazi yako." Na baada ya hapo, "Basi ya leo uiache."

Nikamwambia nitaiacha, na nikawa sina pa kuangalia. Nimekosa mengi maishani, ndoa yangu ya kwanza ikiwemo, lakini aibu ya asubuhi ile sijapata kuionja tena. Mwingereza asiyejua hodi ni nini aliiacha wiki nne nzima. Mimi mwenye lugha ndiye niliyeitia kwenye pipa, nikamzika mtu mzima akiwa hai chumba cha pili.

Na ya siku ile haikurekodiwa. Hatujasimama, Mkuu akaingia na barua za wasikilizaji mkononi. Wengine walilalamika kwamba Mzee Baridi anawacheka waliokimbia, wengine kwamba anawacheka waliobaki. Yeye hakutaka siasa za upande wowote. "Basi," akasema, kwa Kiswahili chake kile kile. "Mchezo kwisha. Jumamosi weka muziki." Wiki nane, kati ya kumi na tatu. Watu wanaoandika historia ya idhaa huuruka mchezo ule, na siwalaumu.

Kusum alimwandikia wifi yake siku ile ile: mwambie Bi Mwanakheri mwanawe yu hai, tunakaa naye kila siku, anakunywa chai yangu. Majibu yalichukua zaidi ya mwezi. Khamis alikuja kazini kila siku, akafasiri, akaenda. Alikonda, naye hakuwa na cha kukonda.

Barua ilipokuja Kusum hakuisoma kwa madaha yake ya siku zote. Wifi alikuwa amekwenda chumba cha nyuma, amepiga magoti mbele ya kitanda, amesema yote. Yule mama akamjibu: "Kwa masikio nilimpata, kwa masikio nikampoteza. Barua ni ya macho, mwanangu, na mimi macho sina. Hata kwa jina la maiti barua huandikwa." Wifi aliongeza kwamba bibi hali chakula cha maana. Redio haisogelei. Wifi mwenyewe ameacha kuitoa barazani kwa kumstahi mfiwa.

Niliposikia hivyo nikapanda ghorofani kwa Mkuu bila miadi. Nikamweleza yote, hodi, wembe, khitma. Aliniacha nimalize. Kisha akaongea Kiingereza, polepole, na ndiyo mara ya kwanza nilipoona ni mtu. Akasema idhaa si posta, na mchezo hataurudisha kwa ajili ya mtu mmoja. Halafu akasema, akikagua kalamu yake, kwamba habari za Jumamosi husomwa na mtu, na kwamba mtu huyo hutaja jina lake mwanzo na mwisho. Bwana Khamis amekataa zamu ile miaka yote. Akiitaka, ipo.

Nikashuka nikamwambia. Alikuwa dirishani kwenye korido. Hakufurahi, na nilijua kwa nini. Neno moja kwenye mchezo angelijua mama peke yake. Habari ingesikika Unguja nzima, jina na sauti, na Salum alikuwa bado anasomesha pale pale.

"Nikinyamaza namzika mama," akasema. "Nikisema namtia mdogo wangu taabani. Wewe ndiye mwenye wembe, Bi Rehema. Niambie, hapa mtu anakata wapi?"

Tulisimama pale mpaka mabasi mangapi yamepita sijui. Mwishowe akaniomba nimpelekee Kusum ujumbe, aandike tena: Jumamosi ya tatu kuanzia sasa, saa ya habari, mama atolewe barazani hata kwa kubebwa.

Kwa wiki zile zote tatu sikumwona akila kantini. Siku yenyewe alikuja amevaa suti, kana kwamba wasikilizaji wanaona. Na alikuwa na mafua makubwa, pua imeziba. Nilimletea chai ya tangawizi, akanywa nusu. Harold alikuwa na mapumziko siku ile lakini alikuja, akakaa nyuma yangu kwenye kiti bila kugusa chochote.

Habari zilikwenda moja kwa moja hewani. Hakuna kanda, hakuna wembe. Neno likitoka limetoka. Taa nyekundu ikawaka. Khamis akasogeza mdomo karibu na maikrofoni, akataja jina lake, la baba yake na la babu yake, polepole, kisha akasoma. Mgomo wa bandari, mkutano wa mawaziri, bei za karafuu. Alikohoa mara mbili. Mimi niliyefundishwa kuondoa vikohozi nilikaa mikono mapajani nikamsikiliza akikohoa, machozi yananitoka. Alipotaja jina mara ya pili, Harold akaondoka bila kusema kitu.

Tukasubiri. Kwanza hatukujua kama barua ya Kusum iliwahi kufika. Khamis aliendelea kusoma kila Jumamosi, maana kilichovuja kimevuja. Kusum alikuja na majibu mchana mmoja wa Jumamosi, amekimbia kutoka kituo cha treni, upindo wa sari umemwanguka mabegani, nasi tulikuwa tunajiandaa kwa zamu.

Alitusomea akiwa amesimama. Barua yetu ya pili ilifika siku mbili kabla ya Jumamosi ile. Yule mama alikataa kutoka, akabembelezwa, akakataa, mwishowe Salum akamnyanyua na kiti chake akamweka barazani. Wifi akafungua redio. Khamis alipotaja jina watu walitaka kushangilia, mama akanyanyua ule mkono wenye kovu, wakanyamaza. Akasikiliza mgomo, akasikiliza mawaziri, akasikiliza karafuu mpaka mwisho. Redio ilipozimwa akasema, "Ana mafua. Mwambieni avae nguo nzito." Halafu akaomba wali.

Khamis alikaa chini. Alicheka, au alilia, sikutofautisha.

"Bado," Kusum akasema, na sauti yake ilibadilika. Salum aliitwa Jumatatu yake. Aliulizwa habari za kaka yake siku mbili, akarudi nyumbani mzima, lakini skuli hawamtaki tena. Sasa anauza mbogamboga na mjomba wao. Khamis akaangusha kichwa. Akasema ndilo alilolijua, ndilo alilolijua tangu mwanzo, na kwamba leo hasomi, atafutwe mwingine. Akaanza kufungua tai.

"Ngoja, kuna maneno yake," Kusum akasema, akageuza karatasi. "Wifi ameyaandika kama alivyoyasema. 'Mwambieni kaka kazi nimeshafukuzwa. Asije sasa akanyamaza, ikawa nimefukuzwa bure.'"

Khamis akamwomba asome tena. Akasoma tena. Zilibaki dakika saba. Alipangusa uso kwa mkono wa koti, akakaza tai, akachukua karatasi zake, akaingia. Nilimfungulia maikrofoni.